Kihisi kilichofaulu mezani, kikakosea alfajiri: kisa cha bwawa la mwatiko Pemba

Majina ya watu, kijiji na taasisi yameondolewa, na baadhi ya alama ambazo zingewatambulisha wahusika zimebadilishwa. Mimi niliitwa kuzisoma data baada ya mambo kuharibika. Kwa hiyo sehemu ya mwanzo nimeiandika kwa kutegemea daftari la ushirika na maelezo ya waliokuwepo.

Usuli

Ushirika wenyewe uko upande wa magharibi wa Pemba, nyuma ya mikoko. Wanachama wengi ni akina mama waliokuwa wakilima mwani. Kottonii, aina yenye bei nzuri kuliko spinosamu, haivumilii maji yakipata joto, na miaka ya karibuni ilikuwa ikiwafia kambani. Wakageukia ufugaji wa samaki aina ya mwatiko. Bwawa lao lina mlango mmoja wa maji. Wakati wa bamvua bahari hufika mlangoni, nao hubadilisha maji bila gharama. Maji mafu yakiingia, bahari haifiki, na bwawa hukaa limefungwa kwa siku kadhaa.

Siku hizo ndizo za hatari. Mchana mimea midogo iliyomo majini hutoa oksijeni nyingi hadi maji yakashiba kupita kiasi. Jua likitua, mimea hiyo hiyo, samaki, na uchafu unaooza chini vyote vinavuta oksijeni na hakuna kinachoirudisha isipokuwa upepo. Kiwango hushuka usiku kucha, na hufika chini kabisa alfajiri kabla jua halijachomoza. Usiku wa kaskazi usio na upepo ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu maji ya moto hubeba oksijeni kidogo tangu mwanzo: maji ya bahari yaliyoshiba hewa hubeba takriban miligramu 6.7 kwa lita kwenye nyuzi 25, na yakifika nyuzi 30 hubeba kama 6.2 tu.

Ushirika ulikuwa na pampu ya petroli ya kuvuruga maji. Kuiwasha kila usiku kulikula faida yote. Kutoiwasha kuliwagharimu samaki alfajiri moja. Walichotaka kilikuwa kitu kimoja: kujua ni usiku gani wa kuiwasha. Vipimaji vya kiwandani vilikuwa na bei isiyobebeka, basi kijana fundi wa kijiji hicho, aliyesoma chuo Unguja, akajitolea kuunda kimoja.

Kipimaji kilivyofanya kazi

Lazima niingie kwenye fizikia kidogo, kwani kosa lililotokea baadaye limejificha humo.

Ncha ya kipimaji ina utando mwembamba wenye rangi ya jamii ya porfirini iliyofungamana na platini. Ukiimulika kwa mwanga wa zambarau, rangi hiyo hung'aa nyekundu, na mng'ao huo hauzimiki papo hapo: hudumu kwa makumi ya mikrosekunde. Molekuli ya oksijeni ikigongana na rangi iliyosisimka, huinyang'anya nishati na mng'ao hukatika mapema. Oksijeni ikiwa nyingi, mng'ao huwa hafifu na mfupi. Uhusiano huo uliwekwa katika mlinganyo na Otto Stern na Max Volmer mwaka 1919, na hadi leo vipimaji vya aina hii huanzia hapo.

Kupima muda mfupi kiasi hicho moja kwa moja ni kazi ngumu, kwa hiyo taa hupepeswa kwa mpigo maalumu na kinachopimwa ni jinsi mng'ao unavyochelewa nyuma ya taa. Kuchelewa huko husomwa kama pembe. Taa ikipepesa mara 5,000 kwa sekunde, mng'ao wa mikrosekunde 50 huchelewa kwa pembe ya takriban digrii 57. Ukifupishwa na oksijeni hadi mikrosekunde 20, pembe hushuka hadi kama digrii 32. Uzuri wa njia hii ni kwamba haijali sana taa imechakaa kiasi gani, kwani inasoma wakati, haisomi ukali wa mwanga.

Inayoiharibu ni hali ya joto. Joto likipanda, mng'ao hujifupisha wenyewe, na oksijeni nayo huuzima kwa nguvu zaidi. Pembe inashuka kana kwamba oksijeni imeongezeka, ilhali haikuongezeka. Ndiyo maana kila kipimaji cha oksijeni cha aina hii huwekewa kipimajoto kando yake.

Kosa la kwanza: kipimajoto juu, maji chini

Fundi aliweka kipimajoto ndani ya bomba la plastiki lenye saketi, ambalo nusu yake iko juu ya maji. Mchana bomba lilichemka kwa jua kuliko maji. Alfajiri lilipoa kwa hewa ya nje huku maji yakiwa bado na joto la jana.

Fuata hesabu yake. Alfajiri bomba linasema nyuzi 24, maji yana 28. Fomula inadhani utando ni baridi, na kwa utando baridi pembe ndogo kama ile ina maana ya oksijeni nyingi. Kisha, ili kugeuza somo, yaani kile kipimaji kilichokisoma, kuwa miligramu kwa lita, fomula inachukua tena nyuzi 24 hizo hizo, ambazo zinasema maji yanabeba oksijeni zaidi. Makosa mawili, yote upande mmoja, yote yakimwambia mlinzi alale. Mchana makosa hayo hugeuka na kuonyesha oksijeni pungufu, lakini mchana bwawa lina oksijeni ya kumwaga, basi hakuna aliyejali.

Fundi aliona kwamba namba za alfajiri haziingii akilini. Hilo nampa sifa. Ila dawa aliyoichagua haikuwa kuteremsha kipimajoto.

Kwa nini akaenda kwenye mtandao wa neva

Mtandao wa neva ni programu ya kompyuta inayojifunza kwa kuonyeshwa mifano. Fundi alikuwa amesoma kazi za watafiti Francesca Venturini na Umberto Michelucci, zilizochapishwa mwaka 2019 na 2020, na wazo lao lilimvutia kwa haki kabisa. Kwa rangi moja, bila kipimajoto chochote, unaweza kuupata mgandamizo wa oksijeni na hali ya joto vyote viwili kwa mpigo. Siri yake ni kupepesa taa kwa masafa mengi, yaani kasi mbalimbali za kupepesa, badala ya moja. Ndani ya utando halisi, molekuli za rangi hazikai katika mazingira sawa. Nyingine oksijeni inazifikia kwa wepesi, nyingine kwa shida. Mng'ao basi ni mchanganyiko wa mingi yenye urefu tofauti. Joto na oksijeni huuvuruga mchanganyiko huo kwa namna zisizofanana, na tofauti hiyo huonekana ukilinganisha pembe za masafa mbalimbali. Kuiandikia fomula ni balaa. Mtandao wa neva unaonyeshwa pembe nyingi pamoja na majibu ya kweli, hadi ujifunze ramani yenyewe. Watafiti hao waliutumia mtandao wenye shina la pamoja linalojigawa baadaye matawi, tawi moja la oksijeni na jingine la joto.

Sababu za fundi kukubali njia hiyo zilikuwa tatu, kwa maneno yake. Ingemwondolea kipimajoto chenye matatizo. Ingejifunza tabia za utando wake wa kujitengenezea, ambao haukufanana na wowote wa vitabuni. Na mtandao mdogo ulioshafundishwa huingia ndani ya ESP32, kompyuta ya ukubwa wa kidole inayouzwa kwa bei nafuu. Sababu ya pili ndiyo iliyonishawishi mimi. Ya kwanza ilikuwa kukwepa kazi ya bomba.

Masomo ya ndooni

Data za kufundishia zilikusanywa hivi. Ndoo ya maji ya bahari yenye pampu ndogo ya hewa ilipashwa kwa jua, kisha ikapozwa kwa barafu, maji yakiwa yameshiba hewa muda wote. Hapo walipata joto la kila namna, oksijeni ikiwa juu. Baadaye, kwenye chumba chenye kiyoyozi cha skuli moja, walitia sodiamu salfaiti inayokula oksijeni yote majini, wakapata sifuri kwenye nyuzi 23 au 24. Kipimaji kilisoma kila sekunde chache, na maelfu ya mistari yakajaa kwenye kompyuta kwa haraka.

Ukizichora data hizo kwenye karatasi, joto mlalo na oksijeni wima, unaona ukanda juu na kidoa kimoja chini upande wa baridi. Kona ya oksijeni ndogo na maji ya moto ilikuwa tupu. Katikati napo palikuwa tupu karibu pote, maana salfaiti huiteremsha oksijeni kwa kasi na hakuna aliyeituliza pale kwenye 2 au 3.

Kisha mistari ilichanganywa kama karata na kugawanywa: sehemu kubwa ya kufundishia, iliyobaki ya kupimia. Kosa la wastani lilikuwa dogo mno, chini ya miligramu 0.1 kwa lita. Kamati ilionyeshwa mchoro ambamo nukta zote zimelala juu ya mstari. Mwenyekiti aliniambia kwamba siku ile waliipigia makofi kompyuta.

Alfajiri ya maji mafu

Kipimaji kilikaa bwawani siku kadhaa bila tatizo. Ikafika maji mafu ya kaskazi, usiku wa joto, upepo umekufa. Simu ya mlinzi ilikuwa imepangwa kulia oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3. Haikulia. Kabla ya adhana ya alfajiri alipita ukingoni na tochi, akawaona mwatiko wamepanda juu, midomo wazi. Akampigia fundi, naye akafungua skrini na kusoma 3.3.

"Mzee, mashine inasema hewa ipo."

"Mwanangu, samaki wanahema. Mashine utaniambia kesho."

Akaiwasha pampu. Samaki wachache walikufa, wengi walipona. Kabla ya kuiwasha alifanya jambo moja lililokiokoa kisa hiki kisiishie kwenye ubishi: alijaza chupa ya sampuli na kutia dawa za njia ya Winkler, zile zinazoifunga oksijeni isibadilike hadi ipimwe. Fundi alikuwa ameziacha kibandani na maelekezo yameandikwa kwa kalamu kubwa. Chupa ilipopimwa ilitoa 1.6.

Nilichokikuta kwenye data

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuugawanya upya mzigo wa data. Masomo yanayofuatana kwa sekunde tatu ni kitu kimoja kilichoandikwa mara mbili. Ukiyachanganya, mtandao unapewa mtihani wenye maswali ambayo tayari umeonyeshwa majibu yake. Nikagawa kwa vipindi: siku nzima inaenda kwenye mafunzo, siku nyingine nzima inabaki ya kupimia. Kosa la chini ya 0.1 likapanda mara kadhaa papo hapo, bila kugusa chochote kingine.

Cha pili kilikuwa ile kona tupu. Mtandao haukuwahi kuona oksijeni ndogo ndani ya maji ya nyuzi 28. Kila mara ulipoona oksijeni ndogo, maji yalikuwa baridi. Alfajiri ile pembe zilikuja zikiwa chini kuliko ambavyo oksijeni peke yake ingezishusha, kwa sababu maji yalikuwa na joto, nao ukafasiri kushuka huko kwa njia pekee uliyofundishwa: oksijeni imeongezeka. Na kwa kuwa kati ya sifuri na kushiba hapakuwa na nukta za kuushika, ulikuwa huru kupiga mstari popote.

La tatu ni la kifizikia, na hapa sikubaliani na wanaodhani data zaidi ingetosha. Oksijeni ikikaribia sifuri, mchanganyiko wa mng'ao ndani ya utando unapungua. Molekuli za rangi zinakaribia kuwa na urefu mmoja wa mng'ao, kwani tofauti kubwa kati yao ilikuwa namna oksijeni inavyozifikia. Hapo pembe za masafa yote zinasimulia habari moja tu. Wewe unataka majibu mawili, joto na oksijeni. Mtandao uwe mkubwa kiasi gani, hauwezi kutoa mawili kutoka kwenye moja. Yaani njia isiyotumia kipimajoto hudhoofika pale pale ambapo mfugaji anaihitaji.

Nilijaribu pia kitu cha kizamani. Nilichukua fomula ya Stern na Volmer iliyopanuliwa, inayozigawa molekuli za rangi makundi mawili, nikaipa joto la maji lililosomwa kwa kipimajoto cha mkono alfajiri ile. Ikatoa 2.1. Si sawa na chupa, lakini ingeiliza simu ya mlinzi.

Maamuzi ya awamu ya pili

Kwanza kipimajoto kiliteremshwa hadi ncha, kikagusana na maji milimita chache kutoka kwenye utando. Kazi ya nusu saa na gundi ya epoksi.

Kisha ndoo zikarudiwa. Safari hii salfaiti ilitiwa kwa vijiko vidogo vilivyopimwa, maji yakiwa yamepashwa, ili nukta ziangukie kwenye 1, 2, 3 na 4 kwa joto la nyuzi 26 hadi 32. Chupa za Winkler za alfajiri ziliongezwa kama nukta za bwawa lenyewe, na mtandao ulizipa uzito zaidi.

Palikuwa na mjadala kama tuutupe mtandao wa zamani. Fundi hakutaka, na hoja yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Tukaishia na miwili. Mmoja hupokea pembe pamoja na joto halisi kutoka kwenye ncha, na hutoa oksijeni. Huu ndio unaosomwa na simu. Mwingine ni ule wa mwanga mtupu, uliofundishwa upya, ambao huendelea kukisia joto. Kisio chake hakitumiki kama kipimo. Kinalinganishwa na kipimajoto, na vikiachana kupita kiasi ilhali oksijeni bado iko juu, somo linawekewa alama ya kutoaminika na mlinzi anaambiwa asafishe ncha.

Ukubwa wa mtandao ulipunguzwa sana. Ule wa mwanzo ulikuwa na tabaka nyingi za hesabu bila sababu. Tabaka mbili za ndani zilitosha. Taa nayo ikapangwa iwake kila baada ya dakika tano badala ya mfululizo, maana rangi huchujuka kwa kumulikwa, kama kitambaa kilichosahaulika kambani.

Matokeo

Katika msimu uliofuata, masomo ya alfajiri yalipolinganishwa na chupa tofauti haikuzidi miligramu 0.4 kwa lita. Pampu iliwashwa usiku michache, na hapakuwa na vifo vya alfajiri vilivyoandikwa daftarini. Sitaki kulipa sifa zote kwa kipimaji. Mlinzi aliendelea kupita na tochi, na upepo wa kusi ulisaidia.

Mafanikio ambayo mimi sikuyatarajia yalitoka kwenye ule mtandao wa mwanga mtupu. Siku moja ulianza kukisia joto la ajabu, nyuzi kadhaa juu ya kipimajoto, mchana tu. Ncha ilipotolewa ilikuwa na ukoga wa kijani. Klorofili nayo hung'aa nyekundu ikimulikwa kwa zambarau, lakini mng'ao wake hudumu nanosekunde chache tu, hivyo karibu hauchelewi. Ukichanganyika na mng'ao wa rangi, unavuta pembe zote chini kwa namna ambayo hakuna mchanganyiko wa joto na oksijeni unaoweza kuitoa. Mchana, oksijeni ikiwa nyingi na rangi ikiwa hafifu, athari hiyo ni kubwa, usiku hupungua. Fomula peke yake ingesema oksijeni ni nyingi na kunyamaza.

Kilichofaa na kilichokwama

Kilichofaa zaidi hakikuwa na umeme: chupa ya Winkler. Njia hiyo ni ya mwaka 1888, na bila yake pangebaki neno la mlinzi dhidi ya neno la skrini, na najua ni lipi kamati ingeliamini baada ya yale makofi. Yeyote anayefundisha mtandao kwa ajili ya maji ya watu aanze na bajeti ya chupa.

Nusu ya tatizo la awali ilikuwa ya bomba na gundi. Mtandao ulitakiwa kufidia kipimajoto kilichowekwa pabaya, na ukafanya hivyo vizuri kiasi cha kulificha kosa lenyewe. Ulipopewa kazi yake halali, yaani kujifunza mkunjo wa utando wa nyumbani ambao fomula ya makundi mawili haiufuati sawasawa, uliishinda fomula bila ubishi.

Mpango wa kukusanya data ulifuata urahisi wa mkusanyaji. Jua liko nje mchana, kiyoyozi kiko skuli, na watu hulala usiku. Ramani iliyotoka ikawa ya saa za kazi. Kuanzia karatasi tupu yenye mhimili wa joto na wa oksijeni, ukaweka alama pale samaki wanapofia kabla ya kujaza ndoo ya kwanza, kungebadilisha kila kitu kwa gharama ya penseli.

Lililokwama ni utando wa akiba. Kila utando mpya una tabia yake, na mtandao wa zamani hauuelewi moja kwa moja. Kwa sasa tabaka za chini zinaachwa kama zilivyo na tabaka la mwisho pekee hufundishwa upya kwa nukta chache: sifuri, hewa kamili kwenye joto la aina mbili, na chupa moja ya alfajiri. Inafanya kazi kwa tando zilizotoka kwenye mchanganyiko mmoja wa rangi. Kwa mchanganyiko mwingine haijajaribiwa.

Kuna pia chumvi. Utando husoma mgandamizo wa oksijeni, na kuugeuza kuwa miligramu kunahitaji kujua chumvi ya maji. Masika mvua huyapunguza makali, skrini ikaonyesha oksijeni pungufu kuliko ilivyo, na hilo halimdhuru mtu. Kiangazi bwawa lililofungwa hukaukiwa na chumvi hupanda kupita ya bahari, skrini ikazidisha. Kihisi cha chumvi ni matumizi mengine, na kamati imekikataa. Wamempa mwanachama mmoja kazi ya kupima chumvi kila wiki na kuiandika daftarini, na fundi huiingiza kwenye kompyuta mwenyewe.